Piano Kubwa Katika Chumba Kidogo

Resitali, kwa maana inayotumika leo katika muziki wa kiklasiki wa Ulaya, ni onyesho ambamo mpigaji mmoja hukaa peke yake mbele ya wasikilizaji tangu mwanzo hadi mwisho, bila okestra, bila mwimbaji wa kupokezana naye na, mara nyingi, bila karatasi ya noti mbele ya macho yake. Neno hilo si la kale kama inavyodhaniwa, kwani lilianza kutumiwa kutangaza muziki wa piano mjini London mwaka 1840, pale mpiga piano Franz Liszt alipoliita hivyo onyesho lake mwenyewe, jambo lililowashangaza wengi kwa kuwa desturi ya wakati huo ilikuwa kuchanganya wapigaji na waimbaji kadhaa katika onyesho moja. Liszt alijaza kumbi. Frédéric Chopin, aliyefahamiana naye Paris na ambaye alizaliwa mwaka 1810 katika kijiji cha Żelazowa Wola, kilomita 50 hivi magharibi ya Warsaw, alizikwepa. Katika maisha yake ya miaka 39 alipiga hadharani mara 30 hivi tu, na riziki yake aliipata kwa kufundisha na kwa kuuza tungo zake. Alipopapenda ni kwenye sebule za marafiki na za matajiri, ambazo Wafaransa waliziita salon, neno ambalo Kiswahili kimelipokea kwa kazi nyingine kabisa, ile ya kusuka na kunyoa nywele.

Historia hiyo imekuwa mtaji. Katika Mji Mkongwe wa Warsaw zipo kumbi ndogo ambazo jioni hupanga viti 40 au 50, huwasha taa za manjano na kumwahidi mgeni saa moja ya saluni ya karne ya 19, akiwa karibu na mpigaji kiasi cha kuona vidole. Msafiri anayesimuliwa hapa, mtu wa Dar es Salaam aliyeletwa Poland na shughuli za kikazi zilizomweka siku tatu mjini Kraków, siku ambazo hazina la kusimuliwa isipokuwa mvua, alipofika Warsaw alikata tiketi ya ukumbi mmojawapo. Mchana wake alikuwa ameusalimia moyo wa Chopin, ambao dada yake Ludwika aliutoa Paris na kuurudisha nyumbani, na ambao umehifadhiwa ndani ya nguzo ya Kanisa la Msalaba Mtakatifu ilhali mwili umezikwa kwenye makaburi ya Père Lachaise. Kisha akaketi kwenye mojawapo ya mabenchi ya mtaani ambayo ukibonyeza kitufe yanatoa muziki. Hayo yote yalimpendeza kwa kiasi, na kama safari ingeishia hapo asingekuwa na sababu ya kuandika.

Ukumbi wenyewe ulikuwa ghorofani, wenye kuta za rangi ya maziwa, vioo vya fremu za dhahabu na taa ya kuning'inia iliyojaa vipande vya kioo. Inafaa kueleza kwamba karibu Mji Mkongwe wote wa Warsaw ulibomolewa na Wajerumani mwaka 1944, na kwamba nyumba zinazoonekana leo zilijengwa upya baada ya vita kwa uangalifu mkubwa kiasi kwamba mwaka 1980 mji huo uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kwa hiyo saluni ya karne ya 19 aliyoahidiwa msafiri ilikuwa na umri mdogo kuliko mama yake mzazi. Hilo halikumsumbua. Watu waliojijengea upya mji wao jiwe kwa jiwe wana haki ya kuuita wa kale. Kilichomsumbua kilikuwa katikati ya chumba, kimechukua karibu theluthi ya sakafu: piano ya tamasha kamili, ile yenye urefu unaokaribia mita 2.7 na uzito unaokaribia nusu tani, kifuniko chake kimeinuliwa juu kabisa kwa mti mrefu, mdomo wazi ukielekea kwenye viti. Kwa kuwa alifika mapema, msafiri alichagua kiti cha mstari wa mbele, na alijipongeza kwa uchaguzi huo kwa muda usiozidi dakika tano.

Mpigaji, binti wa miaka ishirini na kitu aliyevaa gauni jeusi, alianza na Polonezi ya opus (yaani namba ya utungo) 53. Polonezi ni ngoma ya Kipolandi ya mapigo matatu, ambayo asili yake ni mwendo wa maandamano ya heshima, na hii ya mwaka 1842 ndiyo yenye fahari kuliko zote alizotunga Chopin. Vipande vya kioo kwenye taa vilianza kulia. Msafiri, ambaye miaka mingi ya kualikwa kwenye harusi za Dar es Salaam imemzoesha kukaa jirani na spika zenye kimo cha mtu, hakuwa mgeni wa kishindo, lakini kishindo hiki hakikupita masikioni peke yake; kilipanda kwa miguu ya kiti, kikaingia kifuani, na juu yake kikaja kile ambacho matangazo hayakukitaja: pumzi za mpigaji, mbisho wa kucha kwenye vibonye, na mgoto wa pedali kila ilipoachiwa. Baada ya Polonezi ukaja utungo uitwao skerzo, na baada ya skerzo ile etidi inayoitwa ya Mapinduzi, yaani zoezi la vidole lililopandishwa hadhi likawa muziki kamili, ambamo mkono wa kushoto hukimbia bila kupumzika. Ukaribu alioununua ulikuwa umegeuka kuwa shambulio. Alitazama saa mara mbili, jambo ambalo kwenye mstari wa mbele haliwezi kufichika.

Chanzo cha mateso hayo ni cha kiufundi, na ndicho ambacho wauzaji wa jioni kama hizo hawakitaji. Piano ya kisasa ina vibonye 88 na nyuzi zipatazo 230, zilizokazwa juu ya fremu ya chuma cha kusubu inayohimili mvuto wa jumla unaofika tani 20 hivi, na nyuzi hizo hugongwa na nyundo ndogo za mbao zilizovikwa sufu nene iliyoshindiliwa. Mtambo huo haukutengenezwa kwa ajili ya sebule; ulikua pamoja na kumbi za nusu ya pili ya karne ya 19, ambazo zilitaka chombo cha kushindana na okestra nzima na kumfikia mtu aliyeketi safu ya mwisho. Piano za kiwanda cha Pleyel alizozipenda Chopin zilikuwa na mwili wa mbao ulioimarishwa kwa vyuma, nyuzi nyembamba na nyundo nyepesi, na sauti yake ilififia mapema. Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa nguvu. Alipopiga Vienna mwaka 1829, akiwa na miaka 19, walikuwapo waliolalamika kwamba sauti yake ni ndogo mno, naye akaandika nyumbani kwamba lawama hiyo ni heri kuliko kuambiwa anagonga. Karibu miaka 19 baadaye, mwezi Februari 1848, katika tamasha lake la mwisho mjini Paris, mpiga piano Charles Hallé alimsikia akiumalizia utungo wake uitwao Barkaroli kwa sauti ya chini kabisa mahali ambapo karatasi inadai nguvu zote, na akakiri kwamba hakujua tena ipi ndiyo njia bora. Kumweka mtu huyo ndani ya chombo cha mita 2.7, katika chumba ambacho ukinyoosha miguu unagusa pedali, na kuita matokeo yake saluni, ni kama kumsomea mgonjwa barua kwa kipaza sauti.

Wakati wa mapumziko iligawiwa pombe ya asali, kinywaji cha kale cha Kipolandi ambacho mtu aliyewahi kuonja wanzuki hahitaji kuelezwa zaidi, isipokuwa kwamba hiki ni kitamu zaidi na hunywewa kwa bilauri ndogo. Msafiri aliichukua yake akasimama dirishani, na hapo akasogelewa na mzee aliyekuwa ameketi mstari wa nyuma kabisa, ambaye alijitambulisha kuwa fundi wa piano aliyestaafu baada ya miaka 40 ya kukaza nyuzi na kuchonga sufu za nyundo.

"Bwana amekaa ndani ya piano," alisema, "hakukaa mbele yake."

Heshima ya Kipolandi humtaka mtu amwite mgeni Pan, yaani Bwana, na kumsemesha kana kwamba anamzungumzia mtu mwingine, na mzee huyo aliihamishia desturi hiyo katika Kiingereza chake bila kusita. Msafiri alijibu kwamba hakujua kama piano ina ndani ya kukalia, akaongeza kuwa binti yule anapiga kama anayevunja mlango. Fundi hakukubali. Binti, alieleza, ni mwanafunzi; kwenye bweni anajifunzia piano ya wima iliyochoka, ambayo asipoikandamiza haisemi, na walimu wake wanamwandaa kwa Mashindano ya Chopin, yale yaliyoanza mwaka 1927 na ambayo hufanyika Warsaw kila baada ya miaka mitano katika ukumbi wa Filharmonia wenye viti zaidi ya 1,000. Anafundishwa kumfikia mtu wa balkoni. Hakuna aliyewahi kumfundisha kupiga kwa ajili ya mtu aliye umbali wa mita moja na nusu. Na mnyama huyu, alisema fundi akiielekeza bilauri yake kwenye piano, amenunuliwa kwa sababu wageni wanapenda kumpiga picha.

Kisha akauliza kama Tanzania kuna piano. Swali hilo, ambalo pengine halikuwa na ubaya wowote, lilimchoma msafiri, akajibu kwa ukali usiohitajika kwamba zipo, makanisani, shuleni na majumbani, na kwamba nyingi huharibiwa na hewa ya pwani kabla hazijapata wapigaji. Alitarajia jibu hilo lifunge mazungumzo. Badala yake macho ya fundi yaliwaka, akaiweka bilauri chini, na kwa dakika zilizobaki hakutaka kusikia jambo jingine: unyevu huko unafika wapi, chumvi inazila nyuzi baada ya muda gani, ubao wa sauti, yaani ule ubao mpana ulio chini ya nyuzi unaokuza mtetemo wake, unavimba kiasi gani wakati wa masika, na nondo wanaipenda sufu ya nyundo kama wanavyoipenda ya makoti? Msafiri, ambaye alikumbuka kwamba kinanda cha kanisa la utotoni mwake kilikuwa na vibonye vitatu vilivyonata kila mwezi wa Aprili, alijikuta akisimulia mambo ambayo hakujua kuwa anayakumbuka. Hasira ilikuwa imemtoka bila yeye kuiaga.

Kengele ilipolia fundi hakurudi kitini moja kwa moja. Alimwendea binti, akamnong'oneza kitu, binti akacheka kwa aibu, na wawili hao wakauondoa mti mrefu wa kifuniko na kukiegemeza juu ya ule mfupi, ambao hukiacha wazi kwa upenyo mdogo tu. Msafiri naye aliacha kiti chake cha heshima kwa mama mmoja wa Kihispania aliyekitamani tangu mwanzo, akaenda kukaa nyuma karibu na makoti yaliyotundikwa.

Nusu ya pili ilifunguliwa na Mazurka ya opus 17, namba 4. Mazurka ni ngoma ya mapigo matatu kutoka Mazowsze, eneo linaloizunguka Warsaw yenyewe, ambayo mkazo wake hupenda kuangukia pigo la pili au la tatu badala ya la kwanza, hivyo mguu wa msikilizaji asiyeizoea hukosea kila mara. Chopin alitunga zaidi ya 50, nyingi akiwa Paris, mbali na mashamba zilikotoka, kwani tangu alipoondoka Warsaw mwezi Novemba 1830 hakurudi tena. Hii ya 17 huanza kwa sauti chache zisizosema ziko katika ufunguo gani, na huisha kwa sauti zilezile, bila kujibu. Baada yake ikaja Berseuzi, wimbo wa kubembelezea mtoto, ambamo mkono wa kushoto hurudia kipimo kimoja karibu tangu mwanzo hadi mwisho huku wa kulia ukisuka mapambo juu yake. Binti alikuwa mtu mwingine. Pengine ni kifuniko, pengine ni makoti yaliyomeza ukali wa sauti, pengine ni lile neno la fundi. Vyovyote iwavyo, msafiri alisikia mvua ya Kraków, ambayo ilikuwa imemfuata, ikigonga dirisha, na mvua hiyo haikuhitaji kuzidiwa nguvu na yeyote. Sauti ya mwisho kabisa haikumfikia. Aliona tu mkono umeondoka kwenye vibonye.

Makofi yalipotulia fundi alikuwa amekwisha kuchukua koti lake, na msafiri hakupata kumuuliza alichomwambia binti. Kesho yake, katika jumba la makumbusho la Chopin lililomo ndani ya Kasri la Ostrogski, aliiona piano ya mwisho ya mtunzi huyo, Pleyel ya mwaka 1848, akastaajabia wembamba wake, na akapata kujua kwamba tangu mwaka 2018 yapo Warsaw mashindano mengine, yanayopigwa kwa piano za enzi ya Chopin peke yake. Msomaji atakayefika mjini humo na kuuziwa tiketi ya jioni ya viti 40 aulize kwanza urefu wa piano, ndipo aulize bei. Na akiambiwa mita 2.7, akae nyuma, karibu na makoti.