Tabora kwa Wawili: Likizo Kwenye Njia ya Misafara

Waulize wapenzi wa mjini likizo yao wanataka kuila wapi. Utasikia Zanzibar, Dubai, au mbugani. Mwenye visenti zaidi atakutajia Ulaya: apige picha mbele ya ngome ya Edinburgh, atembee kwenye vichochoro vya mawe, alipe kiingilio akaone kitanda alicholalia mfalme fulani. Si vibaya. Lakini mwezi huu nakualika kwenye mji wa kihistoria uliopo hapa hapa nyumbani, mji ambao hata Waskoti wana sababu ya kuuulizia. Naisema Tabora.

Najua utaniambia, "Tabora? Si kule kwenye asali na tumbaku?" Ndiyo, ni kule kule. Na kama wewe na mwenzi wako mnataka safari itakayowapa kitu cha kuzungumza zaidi ya bei ya soda hotelini, endelea kusoma.

Njia panda ya Afrika

Tangu miaka ya 1850, wafanyabiashara Waarabu kutoka pwani walikuwa wameweka makazi hapa Unyanyembe. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikatembea kama miezi mitatu, ikafika Tabora kupumua. Hapa njia iligawanyika: moja kwenda magharibi hadi Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Ziwa Victoria na Buganda. Waingereza Burton na Speke walipita mwaka 1857. Kwenda, misafara ilibeba vitambaa, shanga na bunduki. Kurudi, ilibeba pembe za ndovu, na ilisindikiza watu waliofungwa minyororo.

Wapagazi hodari kuliko wote walikuwa Wanyamwezi. Mtu mmoja alibeba frasila mbili hivi, karibu kilo 30, na alifanya hivyo kwa ujira. Miembe mikubwa utakayoiona mjini na vijijini ni kumbukumbu nyingine ya njia ile: iliota palipokaa misafara. Ukipita mtaa wa Ng'ambo au Gongoni jioni, watu wamekaa barazani na kahawa, utadhani uko pwani kabisa. Bahari iko mbali, lakini watu wake walifika.

Kwihara, nyumba ya kusubiri

Kilometa chache nje ya mji ndipo lilipo tembe la Kwihara. Ni nyumba ndefu ya udongo yenye mlango wa mbao uliochongwa. Jengo la asili lilibomoka, likajengwa upya karne iliyopita na kufanywa makumbusho. Hapa ndipo alipokaa David Livingstone, Mskoti aliyezaliwa Blantyre mwaka 1813.

Stanley alimkuta Ujiji mwaka 1871, wakaja pamoja hadi Kwihara Februari 1872. Mwezi uliofuata Stanley akaondoka kwenda pwani, akiahidi kumtumia wapagazi. Mzee akabaki peke yake, akisubiri mpaka Agosti. Wapagazi walipofika, akaondoka nao kuelekea kusini, na Mei 1873 akafariki katika nchi ambayo leo ni Zambia.

Sasa sikiliza. Waliomrudisha ni Susi, Chuma na wenzao. Waliukausha mwili wake, wakaubeba zaidi ya kilometa 1,500, wakapita hapa hapa Unyanyembe, wakaufikisha Bagamoyo mwaka 1874. Mzungu akazikwa Westminster Abbey kwa heshima zote. Mabega yaliyombeba yalisahaulika kwa miaka mingi. Kule Blantyre, makumbusho yake yalifunguliwa upya mwaka 2021, na siku hizi majina ya Chuma na Susi yanatajwa vizuri. Na sisi tulioachiwa njia yenyewe, tunawasimulia watoto wetu?

Mazungumzo ambayo si ya fungate

Mimi upande wa bibi ni Mnyamwezi. Mwenzangu kwao ni Bagamoyo. Nyumbani tunataniana kutwa, kwa sababu utani wa Wanyamwezi na watu wa pwani ni wa zamani, na wanahistoria huuhusisha na misafara hii hii. Lakini tulipotoka kwenye tembe, tukakaa chini ya mwembe, utani ulikauka.

Aliniuliza, "Hivi unafikiri watu wa kwetu walikuwa upande gani?" Nikamwambia ukweli: wengine walibeba mzigo, wengine waliuza watu, wengine waliuzwa, na huenda kila ukoo una zaidi ya jibu moja. Maana historia haikugawanyika kirahisi hivyo. Baba yake Tippu Tip, yule mfanyabiashara mashuhuri wa pembe na watumwa, alimuoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira wa hapa Unyanyembe. Ndoa ilikuwa mapenzi? Ilikuwa biashara? Tulibishana njia nzima juu ya bodaboda mbili. Ni ubishi mzuri kwa watu wanaotaka kuoana, kwani unamjua mwenzio anavyobeba mambo mazito ya kwao.

Ya kuona mjini

Uliza habari za mtemi Isike. Mwaka 1893, Wajerumani walipoivunja ngome yake, aliona heri alipue ghala la baruti kuliko kujisalimisha. Boma la Wajerumani bado limesimama. Omba ruhusa kabla ya kutoa kamera. Mwaka 1916, wakiwa wamebanwa na vita, Wajerumani walifua sarafu za dhahabu zenye picha ya tembo kwenye karakana ya reli hapa Tabora. Septemba mwaka huo huo Wabelgiji wakauteka mji.

Usiondoke bila kupita Shule ya Wavulana Tabora, alikosoma Mwalimu Nyerere. Tena ni Tabora hii hii ambako TANU, Januari 1958, ilifanya ule uamuzi wa busara wa kuingia kwenye uchaguzi wa kura tatu.

Kufika, kula, kubeba

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na treni ya zamani ina raha yake kwa wapendanao wasio na haraka. Mwenye haraka kuna ndege, au treni ya umeme iliyoanza mwaka 2024 hadi Dodoma, kisha basi. Juni hadi Oktoba ni kukavu. Ukitaka maembe, njoo kuanzia Novemba.

Onja matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakatwa na kukaushwa. Wenyeji husema ndiko lilikotoka jina la mji. Beba asali ya miombo, lakini nunua kwa mrinaji au dukani, si kwa kila chupa ya dirishani.

Halafu ushauri wangu wa mwisho: Kwihara msiende kwa ajili ya picha tu. Tengeni nusu siku, mlipe kiingilio, mumuulize mwongoza wageni maswali, mwacheni na chochote. Makumbusho yasiyotembelewa hufa taratibu, na yakifa, habari za Susi na Chuma tutakwenda kuzilipia nauli Uskoti.