Kona ya Ming'oko

Kijana mmoja wa bodaboda pale Chikongola aliniambia, mwaka 2021, baada ya akina mama wawili kutoka Palma kushuka kwenye gari la Kilambo na vifurushi vyao: "Mzee, hawa wa Msumbiji si warudi kwao tu?" Nikamuuliza babu yake mzaa baba ametokea wapi. "Hapa hapa Mtwara," akajibu, bila wasiwasi. Babu yake nilimfahamu. Alikuwa na nembo za kuchanjwa uso mzima, kuanzia kwenye paji hadi kidevuni, na mto Ruvuma aliuvuka kwa mtumbwi kama walivyovuka wale mama. Hakuna aliyemwambia mtoto yule. Jambo hilo linaniudhi hadi leo.

Mtwara ni mji wa watu waliokuja. Mji wa kale ni Mikindani. Huku kwetu palikuwa na vijiji vya wavuvi na minazi, hadi Waingereza walipoanza mradi wao wa karanga mwaka 1947, wakataka bandari ya kina kirefu na reli ya kwenda Nachingwea. Bandari ilimalizika 1954, karanga zenyewe zikiwa zimeshakufa. Reli nayo ikafungwa 1962. Waliobaki ni watu: makuli wa gatini, manamba wa mashamba ya mkonge, waashi, wapishi wa Wazungu. Wengi wao walikuwa Wamakonde wa ng'ambo ya mto, nasi watoto tukawaita Wamawia, jina ambalo wenyewe hawakulipenda na ambalo wazazi wetu walipaswa kutukataza.

Na hiyo ng'ambo yenyewe! Kionga, kusini mwa mdomo wa mto, ilikuwa ya Mjerumani pamoja na sisi hadi 1916, Mreno alipoitwaa. Wamaraba na Wamakwe wa mdomoni pale wana ndugu pande zote mbili, na wamekuwa wakivuka kwa harusi na misiba tangu kabla Mzungu yeyote hajachora mstari.

Ninayemkumbuka zaidi ya wote ni bibi mmoja aliyekuwa akiuza ming'oko, mizizi ya porini ya kuliwa, kwenye kona, chini ya mwembe. Kuna wanaosema alikuja na wakimbizi wa vita, basi ingekuwa baada ya Septemba 1964. Wengine wanasema alikuwapo tangu enzi za mkonge. Kwangu mimi alikuwapo siku zote. Alikaa kwenye mkeka, ndonya ikiwa kwenye mdomo wake wa juu, na mbele yake sufuria la ming'oko iliyochemshwa, pilipili na chumvi kwenye kifuu, makopa kwenye ungo, ugoro kwenye kopo la maziwa. Nyuma ya nyumba yake ililowekwa kochoko, na ukipita jioni harufu ya mabibo yaliyochacha ilikupata kabla hujamwona yeye: tamu, kali, yenye kukwama kooni. Mama alikuwa akiinusa kwenye shati langu na kujua nilikopitia.

Hakujua kuandika. Madeni aliyaweka kwenye kamba ya ukindu, kila mdaiwa na kamba yake, kila deni fundo moja. Ukilipa, anafungua fundo mbele yako, polepole, ili uone. Sijawahi kusikia mtu akibishana na zile kamba.

FRELIMO walikuwa na hospitali yao mjini, iliyopewa jina la Américo Boavida, daktari wa Angola. Vijana waliokatika miguu kwa mabomu ya kutegwa walitoka pale na magongo, wakaja kukaa kwenye mkeka wa bibi. Walikula, wakavuta ugoro, wakazungumza Kimakonde cha Mueda ambacho sisi tulikishika nusu nusu. Hakuwafungia fundo hata mmoja. Nilikuwa mtoto, na nilidhani ni jamaa zake wote. Usiku wa kutoka jando, mapiko, ngoma ya vinyago, yalichezwa kwenye uwanja uliokuwa nyuma ya nyumba yake, lipiko likitutisha kwa uso wa mtu tuliyedhani tunamjua, na waliokimbia wakipiga kelele walikuwa watoto wa Kimakua, Kiyao, Kimwera, wote.

Msumbiji ilipopata uhuru wengi walirudi. Yeye alikwenda kutazama, akakaa msimu mmoja wa korosho, kisha akarejea konani na sufuria lake. Miaka ya themanini vita vingine vikaleta watu wengine, hadi amani ya 1992. Wakati huo bibi alikuwa ameshazikwa, makaburi ya hapa hapa mjini.

Baadaye mambo yalikwenda mbio. Watu waliacha kuchanja nembo, ndonya zikatoweka, watoto wakafundishwa kujibu kwamba wao ni Wamakonde wa Newala, upande huu wa mto. Ikaja gesi ya Mnazi Bay. Viwanja vikapanda bei, mwembe ukakatwa, palipokuwa na mkeka pakajengwa nyumba ya kulala wageni. Shangani kukajaa wataalamu wa kigeni, na sikumsikia mtu hata mmoja akiwauliza watarudi lini kwao. Walikuwa na magari na walilipa kodi ya nyumba ya mwaka mzima. Mgeni mwenye begi la nguo moja ndiye tunayemwona mgeni.

Hofu ninaielewa. Kijiji cha Kitaya, upande wetu wa mpaka, kilivamiwa Oktoba 2020, watu wetu wakauawa, na mpaka lazima ulindwe. Lakini walioikimbia Palma mwezi Machi uliofuata waliwakimbia wauaji wa namna ile ile, na wengi wao walirudishwa Msumbiji kupitia mpaka wa Negomano. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni anastahili kwanza kukalishwa, apewe maji, ndipo aulizwe.

Juzi mjukuu wa bibi aliniomba nikamshuhudie, maana akiomba kitambulisho anaulizwa habari za wazee wake na hana karatasi yoyote ya bibi. Nilimweleza karani kona, mkeka, kamba za ukindu, vijana wa magongo. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema anahitaji tu mtaa alioishi bibi na tangu lini. Nikamwambia aandike Chikongola, tangu kabla sijaanza shule. Tunasubiri majibu.