Mkate wa Kiitaliano, bifteki, na swali la mama mkubwa

Ndugu msomaji, nawe unayetusikiliza jioni, wiki hii sileti habari ya barabara wala ya bei ya dola. Naleta habari ya chakula kilichopikwa uani kwetu, hapa Keshero, siku ya Jumamosi. Tulikipika kwa furaha nyingi, na mtu tuliyempikia akakataa kukila.

Mtu huyo ni mama mkubwa wangu, dada wa mama aliyenizaa. Ni mwenyeji wa Kitshanga, teritware ya Masisi. Mwanzoni mwa mwaka 2023, vita vilipofika kwao, alifunga mjukuu mgongoni, akashika wengine wawili mkono, akatembea hadi Sake na kutoka Sake hadi Goma. Bulengo aliishi miaka miwili chini ya shitingi. Makambi yalipobomolewa mwezi wa pili mwaka 2025, kuna waliorudi vijijini; yeye akaja kwetu na bidoni moja, sufuria mbili na wale wajukuu watatu. Tulikuwa sita nyumbani, tukawa kumi. Wengi wenu mnaijua hesabu hiyo: ama mlipokea watu, ama mlipokelewa.

Tangu afike, kila tukiketi mbele ya sombe au sambaza, anasema: "Mwanangu, meno yangu yamesahau nyama." Anacheka. Kwa mama aliyeacha ng'ombe wanne malishoni, kicheko hicho kilikuwa kinaniuma.

Sasa, huo mkate wa Kiitaliano umetoka wapi? Kulikuwa na Mwitaliano mmoja, mfanyakazi wa shirika la misaada, aliyekaa Himbi. Mara mbili kwa juma nilikuwa namfundisha Kiswahili, naye alikuwa ananilipa nusu kwa pesa na nusu kwa chakula. Ndiye aliyenionyesha mkate wa kwao, uitwao piadina. Ni mkate bapa wa jimbo la Romagna, upande wa Rimini na Ravenna. Alinieleza kwamba zamani ulikuwa mkate wa wakulima maskini: hauna hamira, hauhitaji tanuri, unaokwa juu ya sahani ya udongo iliyowekwa motoni. Nilimwambia basi huo ni mkate wa watu wa Goma, hata kama Waitaliano hawajui. Aliondoka mwezi wa kwanza mwaka 2025 kwa mpaka wa Gisenyi, kama wageni wengi. Kikaango chake kizito aliniachia mimi.

Nilifikiri hivi. Kilo moja ya nyama ukiitia ndani ya mchuzi kwa watu kumi, kila mmoja anapata vipande viwili na mfupa. Lakini ukiikaanga kama bifteki, ukaikata nyembamba na kuifunga ndani ya mkate, kila mtu anashika cha kwake mkononi na mdomo unajaa.

Unga nilitumia kilo moja ya ngano. Ndani yake vijiko viwili vidogo vya chumvi, soda kidogo ya kupikia, vijiko vikubwa vinane vya mafuta, na maji ya uvuguvugu kama nusu lita, nikiyatia pole pole. Waitaliano wanatumia mafuta ya nguruwe, lakini mafuta ya kawaida yanatosha. Unaukanda dakika kumi, unaufunika kwa kitambaa chenye unyevu, unauacha nusu saa. Usiruke nusu saa hiyo, la sivyo unga utakuwa unajikunja kila ukiusukuma. Nilitoa madonge kumi na mawili na kuyasukuma kwa chupa ya Primus, tupu, maana watoto waliuliza.

Hapa kuna kosa langu la kwanza. Nilisikia sahani ya udongo, nikafikiri: sisi tunakaa juu ya mawe ya Nyiragongo, kwa nini nisitumie jiwe? Nilichagua jiwe bapa la uani, nikaliosha vizuri, nikaliweka juu ya makala. Baada ya dakika chache lilipasuka kwa mlio ambao, katika mji huu, unawafanya watu walale chini. Wajukuu wa mama mkubwa walilala chini kweli. Mmoja hakutoka chini ya kitanda hadi mkate wa tatu. Mawe yetu yana matundu, maji yanaingia, na moto ukiyafikia yanatafuta njia ya kutoka. Msijaribu. Hasa kama nyumbani kuna watoto waliopita kwenye milio mingine.

Basi tukarudi kwenye kikaango. Tofauti na chapati ni kwamba hakuna tone la mafuta hapo: kikaango kikavu, kimeshika moto, unachoma mkate kwa uma mara chache, dakika moja na nusu upande huu na dakika moja na nusu upande ule. Ukitoka na madoa meusi, umeiva. Unaupanga ndani ya kitambaa ili ubaki laini.

Nyama ndiyo ilikuwa ngumu, kwa meno na kwa mengine nitakayosema. Ng'ombe wetu wanatembea milima, si nyama ya kukaanga hivi hivi. Nilikwangua papai bichi, nikaipaka kwa nusu saa tu; ukizidisha sana, inakuwa kama uji. Nikaifuta ikauka, nikatia chumvi, nikaiweka juu ya kikaango kinachotoa moshi, kipande kimoja kimoja. Halafu nikaiacha ipumzike kwenye sahani, nikaikata nyembamba kwa kukatiza nyuzi. Kitunguu, nyanya, pilipili, na ukanda mdogo wa fromaji ya Masisi iliyokuwa inayeyuka. Harufu ilivuka ukuta, jirani akapiga hodi na kisingizio cha kuomba chumvi.

Wa kwanza nilimpelekea mama mkubwa, kwa mikono miwili. Aliushika, akaunusa, akauliza: "Nyama hii umeinunua wapi?"

Nilimwambia ukweli. Yule ninayemzoea alikuwa amepandisha bei, nikapata kijana mwingine pembeni mwa mji, aliyeuza kwa bei ya chini sana.

"Na yeye ng'ombe kamtoa wapi?"

Sikuwa na jibu. Mimi ndiye ninayewaandikia kila mara habari za ng'ombe wa Masisi: watu wenye silaha wanavamia malisho, wanaswaga kundi, wiki ile ile nyama inashuka bei mahali fulani. Nimewaandikia hayo mara nyingi. Siku hiyo nilikuwa na pesa kidogo mfukoni, benki zimefungwa, nikaona bei, nikafurahi.

Mama mkubwa hakugomba. Alifungua mkate, akatoa nyama kwa vidole, akawagawia wajukuu, akafunga tena kitunguu na fromaji, akala. "Mkate ni mzuri," alisema. Kisha akaanza kuwataja ng'ombe wake, rangi zao na jina la kila mmoja. Yule mwekundu mwenye pembe moja iliyovunjika alikuwa na mimba walipokimbia.

Watoto walimaliza nyama yote. Mimi nilikula yangu pia, nisiwadanganye.

Jumatatu nilirudi kwa yule kijana nikamuuliza. Alinitazama kama mtu anayetazama polisi. "Kaka, nyama haina barua," akasema, akamgeukia mteja mwingine. Wateja walikuwa wengi, na baadhi yao niliwajua kutoka Bulengo. Sikuwahukumu. Mama mwenye watoto watano na franka chache hana nafasi ya kuhoji, na sina hakika kwamba ng'ombe wa siku hiyo alikuwa wa wizi. Hilo ndilo mama mkubwa hakuweza kulimeza: kutokuwa na hakika.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwa muuzaji wangu wa zamani na kumwomba anitajie mfugaji aliyemuuzia. Alinitajia. Nilipata nusu kilo tu. Mama mkubwa alisikiliza maelezo yote, akashukuru, akasema tuwape watoto.

Lakini mkate ameuchukua. Siku hizi anaamka saa kumi na moja, anawasha makala, anasukuma kwa ile chupa, na saa kumi na mbili na nusu anauza kwenye mlango wa uani kwa wanafunzi na motari, na avoka ndani au maharagwe mazito. Jana motari mmoja alimuuliza kama hana wa nyama.

"Bado," alimjibu.