Chumvi ya Tanga na viyoyozi vya Houston

Najua nimeadimika, msininunie, zamu za usiku zimenibana.

Tangu nihame Fort Worth kuja huku Houston najiona nimerudi Tanga. Kule joto lilikuwa kali ila kavu kiasi, kama Dodoma. Huku ni fukuto tupu, jasho halikauki!

Na kazini ndiyo usiseme. Kanuni za thieta hapa Marekani ni nyuzi 20 hadi 24, na unyevu usizidi asilimia 60. Lakini madaktari wa upasuaji, kwa yale magauni mazito, wanataka baridi zaidi. Siku moja tukashusha, mara matone yakaonekana darini. Tone likidondokea vifaa safi hakuna mjadala, operesheni imeahirishwa. Mgonjwa alikuwa hajala tangu usiku, na mimi ndiye nikatumwa kumwambia. Alilia, jamani.

Fundi akanieleza. Kiyoyozi cha kawaida hukausha hewa kwa kuipoza mpaka maji yajikusanye kwenye mabomba yake, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Ukitaka ikauke zaidi unaipoza kupita kiasi, halafu unaipasha moto tena ili watu wasigande. Umeme unalipia mara mbili! Ila zipo hospitali ambazo hewa ya nje hupitishwa kwanza kwenye maji mazito ya chumvi, aghalabu lithiamu kloraidi, yanayofyonza unyevu. Kiyoyozi kinabakiwa na kazi ya kupoza tu. Yale maji ya chumvi nayo yanapashwa moto, unyevu unatolewa nje, yanapozwa, yanarudi kazini. Ubaya wake yanakula chuma, kwa hiyo yanataka uangalizi.

Nikacheka peke yangu. Si ndiyo ile chumvi yetu ya mezani inayolowa masika, mpaka Mama anatia punje za mchele kwenye kikopo?

Sasa kaka, ile AC unayotaka kumfungia Mama, usinunue kubwa kuliko chumba. Itapoza upesi na kujizima kabla haijakausha hewa, na ile kuvu ya ukutani inayomkohoza itabaki pale pale. Chukua futi, pima chumba, nitumie vipimo kabla ya Jumamosi. Dukani usiende kwanza.