Ahadi ya Saa Kumi na Mbili

Kijana wa Tanga aishiye Leeds alimwandikia mamaye programu ya kishikwambi, kwa lugha ya C++, ya kumkumbusha dawa ya shinikizo la damu. Mama husoma saa kwa Kiswahili. Kompyuta huanza kuhesabu saa sita usiku. Kanuni ndogo ilitafsiri kati yao, naye akaazimia kuijaribu peke yake kabla ya kuituma.

Jaribio halikujengeka. Kompaila iliridhika, kwa kuwa faili la vichwa liliahidi kwamba kanuni ipo. Kiunganishi kikakataa: LNK2019, jina limetajwa, mwili wake hauonekani. Ahadi ni deni, na kiunganishi ndicho kinachodai. Mwili wenyewe ulikuwa umefungiwa ndani ya programu kuu, mahali ambapo mradi wa majaribio haukufika.

Angeweza kuinakili kanuni ndani ya jaribio. Lakini angepima nakala, ilhali mama angekunywa dawa kwa ile ya asili. Akaihamishia kwenye maktaba tuli, programu na jaribio vikaunganishwa nayo sawia. Kosa likatoweka.

Hapo ndipo jaribio liliposema lake. Alfajiri, wakati wa dozi, kanuni ilijumlisha sita na sita, ikagawa kwa kumi na mbili, ikashika baki: saa sifuri. Tanga hakuna saa hiyo. Akarekebisha, kisha akampigia mama simu kumwuliza anakunywa dawa saa ngapi.

“Saa kumi na mbili, mwanangu. Ulidhani nimesahau?”