Ukuta Hukandikwa Kiangazi

Anayetoka pwani ya Tanga na kufika Mbulu hupokewa na baridi. Mji uko nyanda za juu, kando ya Bonde la Ufa, na Julai watu hujitanda mashuka mazito hata mchana. Kwetu pwani nyumba hujengwa ipitishe upepo: makuti juu, baraza mbele. Huku hujengwa iuzuie. Zamani Wairaqw, wenyeji wa huku, walichimba tembe ubavuni mwa kilima wakaziezeka kwa udongo, hata adui akiwa mbali asione ila mteremko. Siku hizi tofali za kuchoma na bati zimeenea, lakini kaya maskini bado zinaishi ndani ya kuta za miti na udongo.

Katika kijiji kimoja njia ya Dongobesh niliwakuta majirani kwenye nyumba ya bibi mjane. Wanaume waling'oa nguzo zilizoliwa na mchwa na kusimika mpya. Wanawake walikanyaga udongo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe, kisha wakakandika kwa viganja. Hakuna aliyegusa mlango mpaka bibi alipoonyesha anataka uelekee wapi. "Sisi jioni tunaondoka," mama mmoja aliniambia, "yeye ndiye atakayelala humu."

Kilichonikaa moyoni ni msimu wenyewe. Kwetu msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya majirani, huitwa mara nyingi paa likishavuja. Hawa walikuja kiangazi, mavuno yameshaingia ndani, ili ukuta ukauke kabla ya mvua za mwisho wa mwaka.

Kutoka Mbulu nilifika Hanang, nikakuta habari nyingine. Mlima wake una urefu wa mita 3,420, na mji wa Katesh umekaa miguuni pake. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima iliyolowa ilimeguka; tope, mawe na magogo vikashuka Gendabi, Jorodom na Katesh kwenyewe. Zaidi ya watu 80 walikufa. Hapo kukandika hakukutosha, kwa kuwa baadhi ya viwanja vyenyewe havikufaa tena kukaliwa. Serikali, kupitia SUMA JKT, shirika la Jeshi la Kujenga Taifa, ilijenga nyumba kwa waathirika huko Waret, na Msalaba Mwekundu ukachangia. Zimepangwa kwa mistari, tofauti kabisa na boma la Wadatoga wa huko, lililozungushiwa miiba, lenye mifugo katikati.

Maafa makubwa yanahitaji dola, fedha na wahandisi. Lakini nyumba nyingi za maskini huanguka polepole, nguzo moja baada ya nyingine, na hakuna gari la msaada linalokuja kwa ajili ya nguzo moja. Kuzitengeneza ni kazi ya jirani, na kazi ya yeyote mwenye nguvu na muda. Ukitaka kujitolea, nenda Agosti kabla mvua haijaanza. Beba misumari na bati, mwachie fundi wa kijiji aongoze, na umuulize mwenye nyumba kwanza.