Pahali pa Kujazia Upepo

Katika kazi zote za ufundi wa magari zilizopita mikononi mwangu, tangu ujana niliokaa katika gereji za Mtwara hata uzee huu ninaoumalizia Pemba ya Cabo Delgado, hapana iliyonilazimisha kutumia akili kabla ya kushika drili kama ile ambayo wenye magari aghalabu huihesabu kuwa ni jambo dogo: kuchagua mahali pa kukaza valvu za mifuko ya upepo katika gari la kuvuta tela. Mfuko wenyewe una mahali pake palipoamriwa na chuma, kati ya chesisi na ekseli ya nyuma, wala fundi hana hiari. Lakini valvu, kwa kuwa mrija wake wa nailoni waweza kupelekwa popote, imeachiwa hukumu ya fundi, nami naamini kwamba ni katika hukumu hiyo umri wa mfuko unamoamuliwa.

Nilizaliwa Mucojo, katika pwani ya Wamwani wavuvi. Vita vya ukombozi vilipoanza Chai, upande wa bara wa nchi yetu ile ile, tarehe 25 Septemba 1964, wazazi wangu walivuka Ruvuma pamoja na wakimbizi wengi wengine, nami nikakulia Mtwara, nikapata Kiswahili cha shuleni juu ya Kimwani cha nyumbani, na baadaye nikapata elimu ya springi kwa fundi wa malori ya korosho, mtu mkali mwenye insafu, ambaye hakumruhusu mwanafunzi kufungua nati kabla hajaeleza kwa maneno yake mwenyewe ile nati ilikuwa inazuia nini. Nilirejea kwetu baada ya uhuru wa 1975, nikapita katika miaka ya vita vya pili ambayo sina haja ya kuieleza hapa, na amani ilipotiwa saini Roma tarehe 4 Oktoba 1992, njia ya Macomia ikaanza tena kuleta magari.

Hapo ndipo walipokuja wageni wa Pangane, ile ncha ya mchanga na minazi iliyoko kaskazini ya Mucojo, wengi wao wakitoka Afrika Kusini, kila mmoja na mashua yake juu ya tela. Na baada yao wakaja wachuuzi wetu wa samaki, wenye pikapu zilizovuta masanduku ya barafu kwenda bara. Karakana yangu ilikuwa kibanda cha makuti kando ya njia, na mgonjwa niliyeletewa mara kwa mara alikuwa mmoja: gari lililokaa kitako.

Msomaji asiyewahi kuvuta tela inampasa ajue kisa cha kukaa huko. Tela lililopakiwa kwa insafu huikandamiza ndoano ya gari kwa takriban sehemu moja katika kumi ya uzito wake, hata tela la kilo 2000 huweka kilo 200 mahali palipo nyuma ya ekseli, na uzito uliosimama hapo hauishii kuishusha nyuma tu, bali huinyanyua mbele: usukani huwa mwepesi kupita salama, breki za mbele hupungukiwa na mshiko, na taa za usiku humulika vilele vya minazi badala ya njia. Mfuko wa mpira uliotiwa upepo hulirudisha gari katika kimo chake. Hauiongezei ekseli nguvu hata chembe, na kwa sababu hiyo niliwakatalia kazi wale waliotaka mifuko ili wazidishe shehena. Walinikasirikia, wakaenda kwa wengine.

Valvu yenyewe si kitu kigeni. Ni ile ile ya tairi, ambayo akina Schrader wa New York waliipatia hataza mwaka 1893, na hiyo ni rehema kubwa kwa watu wa mbali kama sisi, maadamu pampu yoyote ya tairi, hata ya mkono, yatosha kuihudumia. Lakini mfuko si tairi. Ujazo wake ni mdogo mno, na upepo kidogo ukitoka, kipimo huanguka sana. Hata kule kuupima tu kwa geji hupoteza paundi mbili tatu kila mara. Basi valvu iliyokazwa mahali ambapo geji haikai wima, ambapo mtu huikandamiza kwa pembeni huku upepo ukilia, humfanya mwenye gari aumalize upepo kwa bidii yake ya kuupima, kisha achoke, aache kupima kabisa. Na mfuko usiopimwa hushuka chini ya paundi tano pasipo mtu kujua, mpira wake hujikunja na kubanwa kati ya vyuma, na hatimaye hupasuka njiani.

Mafundi wengi, na baadhi ya vitabu vya watengenezaji, huzielekeza valvu nyuma, kando ya kibao cha namba au katika bampa. Ni shauri jema kwa nchi za lami. Kwetu lilikuwa na ila tatu. Ya kwanza ni bahari: Pangane haina gati, mashua hushushwa kwa kulirudisha gari majini hata povu likafika bampani, na maji ya chumvi yakiingia katika valvu ya alumini yenye moyo wa shaba nyeupe, metali hizo mbili hulana, hata moyo ukagandamana na shina usitoke tena ila kwa kuvunjika. Ya pili ni tela lenyewe, ambalo likishafungwa, mtu hana budi kupiga magoti mchangani na kupenyeza mkono juu ya mkono wa tela. Ya tatu ni vilima vya mchanga, ambavyo bampa la gari lililolemewa huvikwangua. Nilijaribu pia ndani ya upinde wa gurudumu. Lakini masika yalipofika, tope la Macomia lilizika kila kitu.

Nilichokipendelea mwisho, na ninachokitetea hata leo, ni kijisanduku cha mdomo wa tangi, nyuma ya kile kifuniko kidogo ubavuni. Hapo pana stara ya vumbi na chumvi, na dereva hupaona kila atiapo mafuta, hata asiyekumbuka hukumbushwa. Fauka ya hayo, aghalabu pako karibu na gurudumu la nyuma, na hili lilikuwa na maana kubwa kwetu: anayepita mchangani hupunguza tairi hadi kama paundi 18, na akifika lami ya Macomia huzijaza tena kwa kompresa iliyobanwa katika betri huko mbele, basi mpira uliotosha kufika tairi la nyuma ulitosha kufika valvu bila ya kuunganishwa. Gari la petroli sikulitendea hivyo kamwe, kwani cheche za kompresa na mvuke wa petroli havikai nyumba moja. Hilo nililitobolea ubavu wa karai la kupakilia mizigo, juu, karibu na mlango wa nyuma.

Kabla ya kutoboa nilipitisha vidole nyuma ya bati, nikitafuta waya na bomba. Mrija niliukata mraba kwa wembe, nikauepusha na eksozi kwa shibiri nzima, na karibu na mfuko nikauachia ulegevu wa kufuata ekseli ipandapo na kushuka. Kila mfuko ulipata valvu yake. Mteja mmoja, mtu wa heshima, alinisihi niunganishe yote miwili kwa valvu moja ili apunguze taabu. Nikamweleza kwamba njia ikiinama, upepo hukimbia kutoka upande uliolemewa kwenda upande wa pili, na gari huzidi kulala pale pale linapohitaji kushikwa. Alikubali, nami ile ya kulia nikaichora pete nyekundu. Kisha nilipaka povu la sabuni katika kila kiungo, na gari likalala kwangu hadi asubuhi ili geji itoe ushahidi.

Kimbunga Kenneth kilikiondoa kibanda changu tarehe 25 Aprili 2019, nikakijenga upya. Mwaka uliofuata vita vipya vya Cabo Delgado vilituondoa wenyewe, tukaja Pemba kwa mashua pamoja na wakimbizi wale waliofurika ufuo wa Paquitequete mjini hapa. Funguo zangu nilizibeba. Hapa matela hubeba zaidi jenereta na matangi ya maji, chumvi si adui wa kwanza tena, na adui mpya ni vidole vya mjini vinavyofungua vifuniko vya valvu barabarani. Juma hili nina pikapu ya dizeli ambayo kijisanduku chake cha tangi ni chembamba, hakipokei valvu mbili zikasimama wima. Mwanafunzi wangu ashauri tuzirudishe bampani, maadamu gari hili haliingii baharini. Nimemwambia alifunge tela kwanza, apige magoti, apime mwenyewe, kisha anieleze. Naye baada ya kupima amechora alama mbili ndani ya karai, chini ya ukingo, upande wa dereva. Kesho tutatoboa hapo.